Nyumba ya Mama inahama: shajara ya kugawa nusu ekari Elburgon

14 Januari

Tumekubaliana, na Mama ndiye aliyetoa neno la mwisho. Nusu ekari yake hapa Elburgon, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, itagawanywa vipande vinne. Kimoja kitabaki kwa jina lake, vitatu atatupa sisi wanawe angali hai. Anasema ameona familia ngapi zikizungushwa mahakamani miaka nenda miaka rudi kwa sababu mzee aliondoka bila kugawa, naye hataki kutuachia kesi.

Kwenye karatasi hesabu ni nyepesi. Shamba lina upana wa mita 33.7 na urefu wa mita 60, likiteremka polepole kuelekea kusini. Ukitoa barabara ya mita 6 upande wa magharibi, ili kila mtu afike kwake bila kukanyaga kwa mwenzake, unabaki na mita 27.7 kwa 60. Gawa kwa nne: kila kipande mita 15 kwa 27.7, yaani mita mraba 415 na ushei. Hiyo ni pungufu kidogo ya ile "fifti kwa handredi" (futi 50 kwa 100) inayotangazwa kila mahali, ambayo ni mita mraba 464. Na anayenunua ajue kwamba hata hiyo fifti kwa handredi, ambayo madalali huiita thumuni ya ekari, yaani sehemu moja ya nane, haifiki thumuni. Ni futi mraba 5,000, wakati thumuni kamili ya ekari ni 5,445.

Kazi ngumu ni nyumba. Baba aliijenga 1984, futi 24 kwa 18, mbao za saipresi juu ya nguzo za mtarakwa, sakafu ya mbao imeinuliwa futi moja na nusu kutoka ardhini kwa sababu ya baridi na matope ya huku. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao na alichagua kila ubao mwenyewe. Sasa mstari kati ya kipande cha pili na cha tatu unapita katikati ya chumba anacholala Mama.

Kaka yangu alipendekeza tuibomoe na tumjengee ya mawe. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nyumba ya mawe nashukuru, baba. Lakini mimi nalala hii." Hakuongeza kitu. Basi nyumba itahama, na itahama nzima.

2 Februari

Nimeulizia bei, niwe na hakika kwamba siongozwi na mapenzi peke yake. Kujenga nyumba mpya ya mbao ya ukubwa uleule, seremala wawili wamenitajia hesabu zinazozidi shilingi 700,000. Mbao hazijarudi bei ya zamani tangu serikali isimamishe ukataji miti katika misitu yake Februari 2018. Marufuku ilikaa zaidi ya miaka mitano, na mji huu uliokuwa ukiishi kwa misumeno uliona viwanda vikifungwa kimoja baada ya kingine. Mbao za Baba zina miaka arobaini, zimekauka, hazijapinda. Kuzing'oa moja moja ni kuzipasua, maana msumari uliokaa muda huo hautoki bila kuondoka na kipande.

Mama amechagua kipande cha nne, cha chini kabisa, penye mti wake wa plamu na tangi la maji. Kutoka nyumba ilipo hadi pale ni mita 22.

19 Februari

Mpimaji amekuja na vijana wawili na mashine yake ya miguu mitatu. Nilidhani ni siku moja ya kuchomeka vyuma ardhini, kumbe asubuhi yote alikuwa akitafuta bikoni za zamani, zile alama za mpaka zinazozikwa kwenye kona za shamba. Mbili tulizipata chini ya majani ya kikuyu. Ya tatu ilikuwa imezikwa kina cha mkono. Ya nne, kona ya kusini mashariki, haikuonekana kabisa, akaihesabu kutoka bikoni za jirani.

Hapo ndipo tukagundua kwamba ua wa kayaba wa upande wa mashariki umeingia kwetu kama sentimita sitini sehemu ya chini. Kaka alipandisha sauti. Mpimaji akamtuliza kwa kutueleza jambo ambalo ningependa kila mwenye shamba alijue. Ramani ya ofisi ya ardhi inayotumika kwa mashamba kama yetu huonyesha mipaka ya jumla tu. Inakuambia shamba lako liko wapi na linapakana na nani, lakini si ya kuwekea rula ukadai sentimita. Ua ambao majirani wameuheshimu miaka mingi una uzito wake. Na mkishindana, hamwanzii mahakamani: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inataka msajili wa ardhi aamue mpaka kwanza.

Jirani mwenyewe ni mzee aliyembebea Baba jeneza. Mama akavuka, akanywa chai huko, akarudi na neno: ua ukae pale pale. Kipande cha nne kimepungua hadi mita mraba 408. Kaka akataka kumwachia chake kilicho kikubwa, Mama akakataa. Mti wa plamu hauhami.

Machi, kwa ufupi

Mchoro wa ugawaji umetengenezwa na mtaalamu wa mipango ya ardhi aliyesajiliwa, ukapelekwa kaunti, ukarudishwa mara moja kwa sababu barabara yetu haikuwa imeandikwa upana wake, ukapelekwa tena, ukapita. Wiki sita zimeenda. Kodi ya ardhi ya kaunti ilibidi ilipwe yote kwanza. Ukiwa na nia ya kugawa, anza na risiti hizo kabla ya kumwita yeyote.

11 Aprili

Leo tulikwenda bodi. Ardhi yetu bado inahesabiwa kuwa ya kilimo, hivyo bila kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi huwezi kugawa wala kuhamisha umiliki. Inakaa mara moja kwa mwezi katika ofisi ya naibu kamishna wa kaunti, Molo. Ukikosa, unasubiri mwezi mwingine.

Tulifika saa mbili asubuhi, tukaitwa saa saba. Mama alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Wazee wa bodi waliangalia fomu kwa dakika moja na kumwangalia yeye kwa dakika kumi. Walimuuliza ana watoto wangapi, na wote wako hapa? Tukasimama. Wakamuuliza kama kuna aliyemsukuma. Akasema hakuna. Kisha mmoja wao, mama wa makamo, akauliza: "Na wewe, Mama, utabaki na nini?"

"Nabaki na kipande cha chini, na nyumba yangu."

"Nyumba si iko hapa katikati?"

"Wataniletea."

Yule mama akatutazama sisi watatu, mmoja baada ya mwingine, akaandika kitu. Tumepewa kibali, cha kugawa na cha kuhamisha. Nimeelewa leo kwa nini bodi hizi ziliwekwa. Mama mwingine, mwenye watoto wa aina nyingine, lile swali lingemwokoa.

Mei

Mvua. Hatugusi kitu. Udongo wa huku ukilowa hata jeki inazama. Bikoni mpya zimeshawekwa, tumezifunga vitambaa vyekundu ili trekta ya mtu isije ikazing'oa. Kung'oa bikoni ni kosa la jinai, hata ukiwa kwenye shamba lako mwenyewe.

Nimetumia wakati huu kumtafuta fundi. Watatu walisema tung'oe mabati, tung'oe kuta, tubebe vipande. Wa nne, mzee aliyewahi kuhamisha mashine za kupasulia mbao, hakusema neno mpaka alipoingia chini ya nyumba kwa tumbo na tochi. Akatoka na buibui kichwani, akasema mihimili ya sakafu ni mizima na kwamba aliyejenga alijua kazi. Nikampa mkono palepale.

3 Julai

Ardhi imekauka. Kampuni ya umeme imekata waya na kuondoa mita. Tumetoa kila kitu ndani, Mama amehamia kwa dada yangu kwa wiki hii.

Fundi ameanza kwa kuifunga nyumba. Kila chumba kimepigiliwa mbao za mshazari kutoka kona ya chini hadi kona ya juu, milango na madirisha pia. Nyumba ya mbao inaweza kubeba uzito mwingi ukitoka juu, lakini ukiisukuma ubavuni hulala kama kiberiti kilichofunguliwa pande zote mbili. Vioo vimetolewa. Jiko la nje, lililokuwa limeegemezwa tu, limevunjwa.

Tulikadiria uzito pamoja: mbao, mabati, milango. Tulipata kama tani nne.

4 Julai

Kuinua. Tuna jeki sita za lori. Utaratibu wa fundi ni mmoja na hauvunjwi: jeki inapanda sentimita mbili, gogo linaingia chini ya muhimili, ndipo unahamia jeki inayofuata. Hakuna mkono chini ya nyumba bila gogo kuwa limeshaingia. Sebuleni, juu ya sakafu, ameweka beseni la maji na kuchora chaki ndani yake pale maji yanapofika. Dada yangu alikaa dirishani akilitazama beseni hilo siku nzima. Maji yakishuka chini ya chaki upande mmoja, anasema "simama", na watu wote wanaacha.

Saa nane mchana gogo la kona ya kaskazini mashariki lilipasuka. Tulisikia mlio kama wa bunduki, nyumba ikashuka kama vidole vitatu na kukaa. Mlango wa mbele ukabana, safu ya misumari ya mabati ikang'oka. Hakuna aliyeumia, kwa sababu ya ile sheria ya mikono. Gogo lile nililinunua mimi asubuhi, la mkaratusi, bichi bado. Fundi alilishika, akalinusa, akaniambia kwa upole: "Kijana, la kubebea nyumba liwe limekufa zamani." Jioni nilizunguka hadi nikapata vipande vya nguzo kuukuu za umeme, vikavu kama mfupa.

6 Julai

Leo ndiyo siku yenyewe, nami naandika usiku huu huu nisije nikasahau.

Chini ya nyumba sasa kuna nguzo tatu ndefu zilizolala kaskazini hadi kusini, kuelekea tunakokwenda. Juu yake kuna mbao nzito zilizopita kukatiza, ndizo zinazobeba mihimili ya sakafu. Chini ya nguzo hizo kuna mabomba ya chuma ya inchi tatu, kumi na nane, kila moja limekatwa kama urefu wa mkono. Na chini ya mabomba kuna njia ya mbao pana iliyolazwa ardhini, imesawazishwa kwa pimamaji kutoka upande hadi upande.

Jirani mmoja alikuja na trekta, kwa moyo mwema kabisa. Fundi alimshukuru akamwomba aiegeshe mbali. Trekta hurusha, akasema, na nyumba haitaki kurushwa. Kisha akatuonyesha kitu ambacho sikuwa nimekifikiria wiki zote hizi nilizokuwa nikihesabu nguvu za kuvuta: shamba linateremka. Katika mita 22 linashuka karibu mita moja. Nyumba ikishakuwa juu ya mabomba itataka kwenda yenyewe, na kazi ya mchana kutwa itakuwa kuizuia.

Ndiyo maana jana alichimbisha shimo la urefu wa mtu upande wa juu, akazika gogo kubwa, na kufunga winchi ya mkono kwenye gogo hilo. Waya wa chuma ulitoka kwenye winchi hadi nyuma ya nyumba. Kijana mmoja alikuwa na usukani wa winchi, kazi yake kulegeza, kidogo kidogo.

Saa mbili na robo fundi aliwanyamazisha watu. Walikuwa wamefika kama hamsini uani, na wengine walishaanza kuimba harambee. Akasema leo sauti ni moja, yake. Watu wawili wakaingiza mitarimbo nyuma ya nguzo na kusukuma mara moja. Kwanza hakuna kilichotokea. Halafu nikaona punje za udongo zikianguka kutoka chini ya muhimili mmoja, na bomba la mbele likaanza kuzunguka, polepole, kama mshale wa saa. Nyumba niliyozaliwa ndani yake ilikuwa inatembea.

Kila bomba lilipotokea nyuma, kijana alilikimbiza mbele na kuliweka. Lilipoanza kwenda upande, fundi aliligonga kwa nyundo upande mmoja, pigo jepesi, nalo likarudi njiani. Kila mita mbili tulisimama, tukapiga kabari mbele ya mabomba yote, tukalitazama beseni. Mara mbili tuliinua upande wa chini kwa jeki na kuongeza mbao kwenye njia. Saa sita watu walikula githeri wakiwa wamekaa pale nyumba ilipokuwa asubuhi, kwenye mstatili wa udongo mkavu usiokuwa umeona jua tangu 1984. Dada alikuta hapo chini kijiko, gololi tatu, na kitasa cha kabati kilichopotea mimi nikiwa darasa la pili.

Saa kumi kasorobo tulipiga kabari za mwisho. Maji ya beseni yalikuwa kwenye chaki.

Mama alikuwa amekaa chini ya plamu tangu saa nne, baada ya kukataa kubaki kwa dada. Nyumba ilipofika karibu naye alisimama, akaweka kiganja kwenye ubao wa kona, akakiacha pale hadi iliposimama.

7 Julai

Mjadala wa pembe. Fundi na kaka wanataka nyumba ikae sambamba na mstari wa mpaka, ionekane nadhifu, na kusema kweli barabara na ua vyote vinaenda upande huo. Lakini Baba hakuijenga kwa kufuata mpaka. Aliipindisha kama digrii kumi ili dirisha la chumba cha kulala litazame jua linapochomoza. Hapa asubuhi ni baridi ya kuuma, na kwa miaka arobaini jua la kwanza limekuwa likiangukia kitanda cha Mama. Alitueleza kwa vidole kwenye fremu ya dirisha: mwezi wa sita linaingilia kona hii, mwezi wa kumi na mbili kona ile, na katikati ya hapo linapita lote.

Nikashika tepu nikapima. Nyumba ikibaki na pembe yake, kona iliyo karibu zaidi na mpaka wa kipande cha tatu inabaki umbali wa mita 2.4, na barabarani kuna nafasi tele. Kipande cha tatu ni changu. Nikamwambia fundi aiache ilivyo.

10 Julai

Nguzo za zamani zimefukuliwa ili tuone kama zinafaa. Mtarakwa, kumi na mbili, zilizokaa ardhini miongo minne. Tatu zimelika kiunoni, pale udongo unapokutana na hewa. Tisa ni nzima. Fundi alikwangua moja kwa panga, ndani ikatoka rangi nyekundu na ile harufu ya penseli iliyochongwa, maana ni mti uleule uliokuwa ukikatiwa penseli. Tutazitumia hizo tisa, kila moja juu ya kitako cha zege na karatasi ya nailoni katikati ili unyevu usipande. Tatu nimenunua.

Hesabu ya kuhama yote, fundi, vijana, chakula, winchi, nguzo na zege, ni shilingi 112,400. Mpimaji na mtaalamu wa mipango nimewaweka kando, maana hao tungewalipa hata kama nyumba isingehama.

13 Julai

Jeki zimeondolewa. Nyumba imekaa juu ya nguzo zake. Mlango uliobana siku ile gogo lilipopasuka tumeuranda milimita tatu, unafunga. Mama amelala ndani usiku wa kuamkia leo. Nilipompigia saa moja asubuhi kumuuliza kama kuna mbao zinazolia, aliniambia nisubiri kidogo, jua linaingia.

28 Septemba

Fomu ya mutesheni ya mpimaji, ile inayoonyesha mipaka mipya, imekaguliwa na ofisi ya upimaji, ramani imerekebishwa, na namba ya zamani ya shamba imefungwa. Hati ya Mama iliyokuwa kwenye bahasha ya kaki tangu tukiwa wadogo tuliirudisha wenyewe kwa msajili. Leo tumepewa nne mpya. Ya kipande cha nne imeandikwa hekta 0.0408, kwa jina lake.

Aliisoma namba kwa sauti, akaikunja ndani ya ile bahasha ya zamani, akaniuliza mfereji wa paa utafungwa lini, kwa maana mvua za vuli zinakuja na tangi halina kitu. Nimenunua vipande vinne vya mfereji na vibanio. Tunafunga Jumamosi.